Kibaraza cha Mwaisha

Siku ya kwanza Mwaisha alipoweka meza yake kwenye kibaraza cha Fransisko fundi cherehani, pale sokoni Matombo, mtu wa kwanza kumjia alikuwa bibi mmoja mwenye kikapu cha mdalasini. Bibi aliitazama meza, akaona kitabu kinene, kalamu mbili na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: MSAADA WA SHERIA, BURE. Kusoma hakujua, akaomba asomewe. Aliposomewa akainama, akanong'ona:

"Basi mwanangu, nipatie dawa ya mume anayekoroma."

Mwaisha alicheka mpaka machozi yakamtoka. Fransisko, aliyekuwa ndani na pasi yake ya mkaa, alicheka zaidi, akaunguza kola ya shati la mtu. Habari ikazunguka soko zima, kutoka kwa wauza ndizi hadi kwa wenye mitumba, na kwa muda wa mwezi mzima watu waliamini kwamba Mwaisha ameenda mjini Morogoro kusomea uganga wa kisasa. Yeye hakununa. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde akaitika, na alikwisha kujifunza kwamba mtu akicheka na wewe leo, kesho atakuja na shida yake.

Mwaka huo ulikuwa 1996. Wanasheria wanawake kutoka Dar es Salaam walikuja mjini wakitafuta watu wa vijijini wa kuwafundisha usaidizi wa sheria, watu waliomaliza darasa la saba na wasioona haya kusema mbele za watu. Walioomba walikuwa wengi. Kila mmoja aliulizwa kwa nini anataka kazi isiyo na mshahara. Wengine walisema wanapenda maendeleo, wengine walisema wanapenda haki. Zamu ya Mwaisha ilipofika, yeye ndiye aliyeuliza:

"Niliambiwa mahakamani kwamba kutojua sheria si utetezi. Sawa. Sasa nani alikuwa na wajibu wa kunijulisha?"

Mwanasheria aliyekuwa akiandika aliweka kalamu chini. Akamwambia, "Dada, njoo Jumatatu."

Swali lile hakulitoa hewani. Miaka mitano nyuma Mwaisha alikuwa mke wa Hashimu, seremala, na walikuwa na nyumba ya vyumba vinne mjini, nyumba waliyoijenga pamoja, yeye akisomba mchanga na kuuza maandazi, mume akipiga randa. Hashimu aliugua siku tisa akafariki. Mwaisha akakaa eda, ndani, na shuka lake jeupe. Alipotoka eda alimkuta shemeji yake Salum, mdogo wake Hashimu, mlangoni na karatasi yenye muhuri. Karatasi ilisema ukoo umekaa kikao na kumchagua Salum kuwa msimamizi wa mirathi. Nyumba ikahesabiwa kuwa ya ukoo. Mwaisha alikwenda mahakama ya mwanzo, akalia mbele ya hakimu badala ya kueleza, akashindwa. Alipopanda mlima kwa mama yake kupumua na kurudi kukata rufaa, karani alihesabu kwa vidole akamwambia amechelewa siku nne. Siku nne tu! Kama zingekuwa siku mia angekubali kwa urahisi zaidi.

Alirudi Matombo kwenye shamba la lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, ambako Mluguru mwanamke hafukuzwi. Ndizi zilikuwepo, mafenesi yalikuwepo, pilipili manga ilipanda miti. Njaa hakuiona. Lakini zile siku nne zilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi akafundishwa majuma sita, akarudi na cheti, kitabu na ule moyo wake. Bibi wa mdalasini alifungua njia. Akaja mama aliyetelekezwa na mumewe na watoto watatu. Mwaisha akamwandikia barua kwenda ustawi wa jamii, mume akaitwa, akaanza kuleta unga. Wakaja ndugu wawili waliogombania mpaka kwa miaka saba. Mwaisha akawapeleka shambani, akawakalisha juu ya jiwe lenyewe la mpaka, akakataa kuondoka mpaka waelewane. Mvua iliwakuta pale. Walielewana upesi. Kufikia mwaka wa pili, kila Jumanne ya gulio foleni ilianza kwenye kibaraza na kuishia kwa muuza chumvi, na Fransisko akalazimika kununua benchi la pili.

Jumanne moja ya Februari 1998, mvua za El Nino zikiwa hazijachoka, Mwaisha aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi akamwona Salum mwishoni mwa foleni.

Alikuwa amekonda. Kile kiwanda cha mjini alichofanyia kazi miaka kumi na minane kilikuwa kimeuzwa kwa mtu binafsi, na wafanyakazi wengi walipunguzwa, yeye mmoja wao. Suruali yake ilikuwa na tope mpaka magotini. Kando yake alisimama binti yake Shamimu, mtoto mchanga mgongoni, kichwa amekiinamisha. Salum alitoka kwenye mstari, akaja mbele.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini.

Watu wote wa kibaraza wakageuza shingo. Hakuna aliyekuwa hajui habari ya nyumba ile.

"Karibu, shemeji," Mwaisha akasema. "Panga foleni."

Salum akarudi nyuma. Mbele yake alikuwepo mwenye kesi ya mbuzi, na mwenye kesi ya mbuzi alikuwa mtu wa maneno mengi. Siku nyingine Mwaisha angemkatiza. Siku hiyo alimwachia aeleze rangi ya mbuzi, ukoo wa mbuzi na tabia ya mama wa mbuzi. Alikuja kukiri baadaye kwamba saa zile mbili zilikuwa tamu kuliko sikukuu. Lakini kila alipoinua macho alimwona Shamimu akimtikisa mtoto, na ule utamu ukawa unapungua kidogo kidogo, mpaka ukaisha kabisa. Akamwita Fransisko ampelekee binti kigoda na uji.

Zamu yao ilipofika Shamimu alipiga goti.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nieleze wewe. Baba yako asikilize."

Shamimu akaeleza kwa vipande vipande. Aliolewa Dakawa, kwenye mashamba ya mpunga. Mumewe alifariki mwezi wa kumi na moja. Walikuwa na nyumba ya matofali na shamba la mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji, ambalo yeye mwenyewe alilipanda na kulipalilia misimu sita. Sasa kaka wa marehemu, mtu aitwaye Abuu, alikuwa ameomba mahakamani awe msimamizi wa mirathi, akidai kwamba marehemu alikwisha kumwacha mkewe kwa talaka. Ukoo umekaa kikao na kumpitisha. Karatasi ya kikao ipo.

"Na wewe ulikuwa wapi siku ya kikao?"

"Nilikuwa ndani, mama mkubwa. Nakaa eda, haijaisha hata leo; nimetoka kwa sababu ya kesi tu."

Mwaisha alimgeukia Salum. Salum alikuwa akitazama sakafu.

"Muda wa pingamizi kwenye tangazo la mahakama unaisha lini?" Mwaisha akauliza.

"Ijumaa," Shamimu akajibu.

Mwaisha akafunga kitabu, akaanza kupanga mfuko. "Fransisko! Geuza kibao. Waambie watu nitarudi wiki ijayo."

Barabara ya kwenda mjini ilikuwa imekatwa na maporomoko sehemu tatu, na lori la ndizi halikuweza kupanda zaidi ya Mkuyuni. Kesho yake asubuhi wakashuka kwa miguu, Mwaisha mbele, Shamimu katikati na mtoto, Salum nyuma amebeba mizigo yote. Tope lilivuta viatu. Kwenye mto mmoja walivuka wameshikana mikono, na ndipo Salum, maji yakiwa kiunoni, alipoanza kusema, kama vile alingojea mahali ambapo mtu asingeweza kumwacha na kuondoka.

"Shemeji, kile kikao cha nyumba yako..."

"Vuka kwanza."

Wakavuka. Wakakaa juu ya mwamba kukamua nguo.

"Kikao hakikuwepo," Salum akasema. "Tulikuwa watu watatu mgahawani. Majina mengine niliyaandika mimi. Nilibadilisha mwandiko, nikabadilisha na kalamu. Mzee mmoja niliyemwandika alikuwa Kilosa mwaka mzima."

Mwaisha alikamua kanga yake mpaka tone la mwisho. Miaka saba alikuwa akiyangoja maneno hayo, na katika mawazo yake, siku yakitamkwa, yeye alikuwa amevaa vizuri, na wala hakuwa na ruba mguuni. Akaling'oa lile ruba.

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu naiona ile karatasi ya Abuu hata kabla sijaisoma. Aliyeandika mimi, aliyeandika yeye, kazi ni moja."

Mwaisha akaanza kucheka ghafla, akacheka mpaka mtoto mgongoni kwa Shamimu akaamka akacheka naye.

"Basi shemeji," akasema, "una faida. Nilikuwa natafuta mtaalamu."

Alhamisi waliingia mjini juu ya lori la ndizi, Ijumaa asubuhi wakafika Dakawa. Mwaisha alikuwa ameandika pingamizi kwa mkono wake, mwandiko wa duara, ukurasa mmoja na nusu. Karani alilipokea, akaligonga muhuri, akaandika tarehe. Mwaisha alimwomba Shamimu asome tarehe ile kwa sauti. Akamwomba arudie.

Kisha wakaomba kuliona jalada. Karatasi ya kikao ilikuwa na majina tisa. Salum akavaa miwani yake iliyofungwa uzi, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, kama fundi anayekagua ukuta wa fundi mwenzake.

"Mtu anayeghushi hachoki mwanzoni," akasema. "Huchoka mwishoni. Tazameni jina la tisa. Hakujisumbua hata kubuni saini, ameweka dole gumba."

Shamimu akachungulia. "Mjomba Kibwana?" akasema. "Mjomba wa marehemu? Huyu ni karani wa stesheni kule Kisaki!"

Karani wa mahakama naye akajikuta amenyoosha shingo.

Kesi ikapangwa baada ya wiki mbili. Salum hakungoja kuambiwa. Kisaki ni mbali, na mvua zile ziliifanya iwe mbali mara mbili, lakini alikwenda mwenyewe, kwa miguu na kwa trekta la watu, kumtafuta Kibwana. Huku nyuma Mwaisha akamchukua Shamimu mpaka Matombo. Zamani zile wakili hakuruhusiwa kusimama mahakama ya mwanzo, tajiri wala maskini, na msaidizi wa sheria naye hakuwa na ruhusa ya kumsemea mtu. Shamimu angelazimika kusema mwenyewe, na Shamimu alikuwa mtu wa kusema na vidole vyake vya miguu.

Basi kibaraza kikawa mahakama. Fransisko aliwekwa hakimu, akajifunika kitambaa cheusi cha kushonea suti, akakalia meza ya kukatia nguo. Wauza ndizi wawili wakawa wazee wa baraza. Mwaisha akawa Abuu, na alikuwa Abuu mbaya sana: alinguruma, alidanganya, alimwita Shamimu mtalaka. Siku ya kwanza Shamimu alilia. Siku ya pili alitukana.

"Usimtukane," Mwaisha akamwambia. "Ukimtukana, hakimu anasikia tusi tu. Muulize. Swali linamkaba mtu kuliko tusi. Uliza, kisha nyamaza umwache ahangaike."

Siku ya nne Shamimu aliuliza swali moja, kwa sauti, macho juu. Mwaisha akatafuta jibu la Abuu, akalikosa. Watu wakapiga makofi. Fransisko akagonga meza kwa mkasi akatishia kuwatoza faini wote, na mwenye duka la jirani kwa kelele za redio.

Siku ya kesi mvua ilipumzika. Hakimu alikuwa mama wa makamo, mpole wa uso, asiyependa hadithi ndefu. Mwaisha alikaa benchi la nyuma, kanga mdomoni, akiitafuna. Abuu alisimama kwanza, kashonewa kaunda suti, akaeleza kwa ufasaha jinsi marehemu alivyomwacha mkewe mwezi wa saba.

"Una swali kwa shahidi?" hakimu akamuuliza Shamimu.

Shamimu akasimama. Sauti yake ilifika mpaka benchi la nyuma.

"Ninalo, Mheshimiwa. Shemeji, unasema niliachwa mwezi wa saba. Siku ya mazishi, mwezi wa kumi na moja, nani aliniletea shuka jeupe la eda?"

Abuu akavuta kola ya kaunda suti yake.

"Nani alisimama mbele ya watu akasema, huyu ndiye mjane, tumsaidie?"

Abuu akasema ilikuwa heshima tu ya msiba. Mzee mmoja wa baraza akaguna. Akataka kujua tangu lini mtalaka akakalishwa eda ya kifo kwa heshima. Abuu akaangalia dirishani, akaomba maji.

Hapo akaitwa Kibwana wa Kisaki. Aliingia na sare yake ya reli imepigwa pasi, kofia kwapani, kalamu tatu mfukoni. Hakimu akampa ile karatasi, akamuuliza kama dole gumba lile ni lake. Kibwana akaisoma yote, polepole, pamoja na makosa ya tahajia, ambayo aliyasahihisha kwa sauti.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi ni karani wa stesheni mwaka wa kumi na moja sasa. Naandika kila treni inayopita. Naandika kila gunia. Siku ya kikao hiki nilikuwa zamu, na kitabu cha zamu nimekuja nacho. Kwa heshima ya mahakama, huyu aliyeniwekea dole gumba amenidhalilisha kuliko aliyeniibia."

Chumba kikaangua kicheko, na hakimu mwenyewe akainamisha uso kuandika kitu ambacho hakikuhitaji kuandikwa.

Ombi la Abuu likakataliwa. Wiki kadhaa baadaye Shamimu mwenyewe akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi ya mumewe, kwa ajili yake na mwanawe, na sehemu ya wazazi wa marehemu ikatengwa kama dini inavyotaka. Kuhusu kughushi, hakimu alimwambia Abuu kwamba hiyo ni shughuli nyingine na polisi, na Abuu hakuonekana Dakawa kwa muda mrefu. Siku ile ya kesi, nje ya mahakama, Shamimu alimkumbatia Mwaisha akashindwa kusema lolote. Maneno yote alikuwa ameyamaliza ndani.

Salum alisubiri pembeni. Akasema, "Shemeji, twende nyumbani kwako."

Haikuwa kazi ya siku moja. Mke wa Salum alikasirika, na Mwaisha hakumlaumu, kwani naye aliingizwa katika nyumba ile bila kuelezwa historia yake. Walibishana miezi mitano. Kulikuwa na siku Salum alirudi nyuma, akasema alisema vile kwa sababu ya msiba wa binti, na siku hiyo Mwaisha alipanda mlima akalima mpaka jembe likatoka mpini. Lakini Shamimu alikuja kutoka Dakawa, akakaa na baba yake tangu asubuhi hadi adhuhuri, akimuuliza maswali, moja baada ya jingine, na kunyamaza. Mwisho wakaelewana: vyumba viwili vya mbele na kibaraza ni vya Mwaisha, viwili vya nyuma vya Salum na familia yake. Mkataba ukaandikwa. Mwaisha aliusoma mara tatu, akauliza mashahidi mmoja mmoja kama wanajua wanachosaini, na wote wakasajiliwa mahakamani kwa majina yao halisi.

Watu walitegemea atahamia mjini. Hakuhamia. Alikwisha kuzoea baridi ya mlimani, ndizi zake na kelele za gulio. Lakini alijua jambo ambalo wakazi wa mjini hawalijui: Mluguru wa Matombo akiitwa mahakama ya wilaya saa mbili asubuhi, hana pa kulala usiku wa kuamkia kesi, na wengi hushindwa si kwa kukosa haki bali kwa kufika saa tano. Akanunua mikeka minane na sufuria kubwa. Vyumba viwili vikawa vya watu wa kesi. Mke wa Salum, ambaye mwanzoni alifunga dirisha lake kila wageni walipofika, alivumilia kama miezi miwili hivi. Kisha asubuhi moja aliona mzee anatoka kwenda mahakamani bila kunywa kitu, akamwita akampa chai. Tangu siku hiyo akawa hakubali mtu aondoke na tumbo tupu, na akawa anawauliza wakirudi, kwa hamu kuliko hata Mwaisha, "Enhe, hakimu kasemaje?"

Shamimu naye alisomea usaidizi wa sheria mwaka 2001. Akaweka meza yake Dakawa, karibu na mashine ya kukoboa mpunga, mahali penye kelele nyingi, kwa hiyo imembidi ajifunze kupaza sauti. Wakulima wanamsifu. Wanasema huyu binti mkali, ukimpelekea uongo anakuuliza swali moja tu, halafu anakukazia macho.